Mama wa kawaida ni yupi?

Swali lenu la wiki hii nimelisoma nikiwa kwenye daladala natoka Sabasaba: ukipewa ukumbi, jioni moja na nafasi ya wazungumzaji watano wa kwenu wa kuwapa watu mawazo, utamwita nani na utamtambulishaje. Najua wengi watakimbilia nani na nani. Mi naomba nianzie kwenye kutambulisha kwasababu hiyo ndo kazi inayonilisha, ni emsii hapa Dodoma mwaka wa kumi na moja sasa, harusi, sendofu, kipaimara, harambee za kanisa, mpaka uzinduzi wa choo cha shule nimeshawahi kushika maiki, na niseme mapema tu kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nakosea na hakuna aliyeniambia, mpaka mama mmoja wa Mvumi aliponinyoosha mbele ya ukumbi mzima.

Muelewe kwanza mji wenyewe. Dodoma ilitangazwa makao makuu 1973 ila tuliishi hivyo hivyo miaka na miaka, serikali ikaja kuhamia kweli kuanzia 2016, 2018 tukawa jiji, na itifaki nayo ikapanda basi ikahamia. Huku kwetu sasa hivi hata vikoba vinavunja kibubu na mgeni rasmi. Ukumbi umejaa saa nane, mgeni rasmi anafika saa kumi, emsii anataja waheshimiwa mmoja mmoja, kisha kila anayesimama anawataja tena wale wale halafu anamalizia na "itifaki imezingatiwa", na mimi hapo katikati nasema "bila kupoteza muda" wakati muda wenyewe tulishauzika. (Na neno spika silitumii humu, ukisema spika hapa mjini watu wanageukia Bungeni.)

Basi mwaka jana vijana wa mtaani kwetu wakishirikiana na kina mama wa vikoba wakaandaa jioni ya mawazo. Sio semina, sio mkutano wa hadhara, walitaka watu waje waongee kitu wanachokijua kwa mikono yao, kila mmoja dakika kumi na mbili. Wakaniita nishereheshe kwa bei ya ujirani. Nikapewa bahasha ya wasifu wa wazungumzaji, nikafurahi, nikajua kazi nyepesi, ni kusoma tu.

Wa kwanza alikuwa mtaalamu wa maji, msomi haswa. Wasifu wake kurasa mbili. Nikasoma zote. Shahada ya kwanza wapi, ya pili wapi, ya tatu nchi gani, kamati hizi, bodi zile, machapisho, nikasoma mpaka nikakaukwa na koo, na nikiinua macho naona mwanga wa simu tu, watu washainamia simu zao. Dakika tano nzima nimekula, maskini mtu wa watu akabaki na saba, akafungua slaidi zake haraka haraka, na kile kitu kikubwa alichokuja nacho akakisema sekunde za mwisho wakati mimi nishasimama pembeni namuonyesha saa. Wengi hawakukisikia. Mimi nilikisikia kwasababu nilikuwa karibu nae na mpaka leo hakijanitoka, nitakirudia huko mbele.

Wa pili alikuwa huyo mama. Kwenye bahasha yake kuna kikaratasi kimoja, jina na kijiji, basi. Sasa emsii akikosa cha kusoma anafanya nini, anajaza. Nikapandisha sauti nikasema "na sasa, mabibi na mabwana, tumpokee mama wa kawaida kabisa kutoka kijijini, mkulima wa kawaida kama mama zetu!" nikijua nimemsifia kumbe. Akaja taratibu, kajifunga khanga kiunoni, mkononi ana kijiti kimefungwa kitambaa chekundu. Akachukua maiki, akasalimia kwa Kigogo. "Mbukwenyi." Ukumbi ukaitikia. Halafu akanigeukia mimi, sio ukumbi.

"Mwanangu, asante. Ila mama wa kawaida ni yupi?"

Nikacheka kile kicheko cha emsii cha kupoteza lengo. Hakucheka.

"Wewe shambani una visiki vingapi?"

"Sina mama."

"Mimi vyangu vimepita mia tatu, na kila kimoja nakijua kilipo. Sasa wa kawaida hapa ni nani?"

Jamani ukumbi ulilipuka. Zile simu zote zikarudi mfukoni. Na mama ndo akaanza kuongea, na watu walikuwa wake mpaka mwisho, na kilichonichoma ni kwamba ameufungua ukumbi kwa sentensi moja ambayo ingetakiwa itoke kwangu.

Kwa ambao hamjui, anachofanya yule mama kinaitwa kisiki hai. Ukipita barabara ya Mvumi wakati wa kiangazi utaona ardhi imekauka nyekundu na visiki vifupi vifupi vimetapakaa, mtu anadhani vimekufa. Havijafa, mizizi chini iko hai na kila mvua vinachipua, ila vinatoa machipukizi mengi kama nywele halafu mbuzi wanakula. Unachofanya unachagua kisiki, unachagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine unapogoa, halafu unafunga kitambaa ili mwenye panga na mwenye mifugo wajue hiki kina mwenyewe. Basi. Hununui mche, humwagilii, maana mzizi ulishafika kwenye maji yake zamani. Njia hii ilishaijaza Niger miti tangu miaka ya 1980, na kwetu huku kwenye msimu mmoja wa mvua unaoanza Desemba na kuishia Aprili, kupanda mche na kuutegemea uvuke kiangazi ni kamari. Kile kijiti chenye kitambaa alikipitisha ukumbini, mkono kwa mkono, kilipofika kwangu niliona kitambaa chenyewe ni pindo la khanga, bado lina herufi mbili tatu za jina la khanga, ule msemo wake.

Tangu siku ile siombi tena wasifu. Naenda kumuona mtu. Nakaa nae hata nusu saa, anipe kiti au gunia, namuuliza kitu kimoja tu: ni nini unakijua ambacho mimi nimepita nacho karibu maisha yangu yote na sijakiona? Jibu lake ndo utambulisho. Sentensi mbili, tatu zikizidi, halafu jina lake mwisho, halafu natoka jukwaani. Jina mwisho ni muhimu sana, ukianza na jina watu wanapiga makofi wakati wewe bado unaongea na vyeo.

Kuna watu wataniambia mzungumzaji mzuri anajitambulisha mwenyewe. Sio kweli. Mnamkumbuka William Kamkwamba, yule kijana wa Malawi aliyetengeneza mtambo wa umeme wa upepo kwa vipande vya baiskeli na feni ya trekta akiwa kijana mdogo kaacha shule kwa kukosa ada? Jukwaa lake la kwanza kubwa lilikuwa hapa hapa kwetu Tanzania, Arusha, 2007, mkutano wa TED, ule wa watu kuja kutoa mawazo kwa hotuba fupi. Hakutoa hotuba. Alikuwa na hofu, Kiingereza kinamkatika, mwenye mkutano akakaa nae jukwaani akamuuliza maswali mafupi na picha zikawa zinaonyeshwa nyuma, akajibu kwa maneno machache na ukumbi ukasimama. Miaka miwili baadae akarudi kwao TED, safari hii Oxford, akasimama akaeleza mwenyewe. Sasa fikiria ile 2007 angetupiwa maiki aambiwe una dakika 18, haya. Wale jamaa kanuni yao ni dakika 18, na hilo tu lingetosha kuua nusu ya sherehe za Dodoma.

Haya watano wangu, na jioni yenyewe tunaiandaa kweli.

Mama wa visiki anafungua. Namtambulisha hivi: "Kuna mtu humu ana msitu ambao hajapanda hata mti mmoja." Jina. Natoka.

Wa pili ni yule yule mtaalamu wa maji, namdai na yeye ananidai. Kitu alichokisema sekunde za mwisho ni hiki: maji ya jiji letu kwa sehemu kubwa yanatoka chini ya ardhi, visima vya Mzakwe kule Makutupora, na vipimo vya miaka mingi vinaonyesha bonde lile halijazwi na mvua zetu za kila mwaka, linajazwa na ile miaka michache inayomwaga kweli kweli kama El Nino ya 1997/98, miaka mingine tunachota tu. Sasa utambulisho wangu: "Maji uliyooga leo asubuhi inawezekana yalinyesha kabla hujaoa. Huyu bwana anajua yalipita wapi." Ukurasa mbili ule wa vyeo abaki nao nyumbani, na nilipompigia kumweleza alicheka akasema hata mke wake hajawahi kuumaliza.

Wa tatu mzee wa zeze, na hapa nina ugomvi na waandaaji wote wa mkoa huu. Kila shughuli mzee huyu anaitwa, na kila shughuli anaandikwa kwenye ratiba kama "burudani", anapiga wakati watu wanapanga foleni ya pilau. Hivi nyie mnajua Hukwe Zawose alitokea huku huku Ugogo, muziki huu huu wa zeze na ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, akauzungusha dunia nzima mpaka alipofariki 2003? Halafu sisi tunaupigia foleni ya pilau. Mzee huyu zeze lake ni kibuyu kilichowambwa ngozi, nyuzi na upinde, anatengeneza mwenyewe, na aliniambia kibuyu kitakachoimba anakijua kingali kwenye mmea shambani, anakigonga kwa kucha, anakiwekea jani chini kisilale kwenye tope upande mmoja. Nilimuuliza anasikia nini akigonga. Akasema "mjukuu wangu, gonga na wewe." Nikagonga vitano. Vyote kwangu ni ko. Yeye akachagua viwili. Kwahiyo anapewa dakika zake kama wengine, kiti katikati ya jukwaa, aongee kuhusu kusikia, akitaka kupiga apige asipotaka asipige.

Wa nne dada mmoja kiziwi, mshonaji, nilikutana nae kwenye harusi, suti za wasimamizi zilichanika asubuhi ya siku ile ile na yeye ndo alituokoa. Huyu kanifundisha kazi upya. Kwanza emsii tuna tabia ya kusimama mbele ya mkalimani wa lugha ya alama, mtu anakuja na mkalimani halafu wewe na tumbo lako umemziba. Pili taa, dijei anapenda kuzima taa watu waingie kwenye mudi, ukizima taa kiziwi umemfunga masikio mara ya pili. Tatu jina. Viziwi wana majina ya ishara, wanapeana wenyewe kwa wenyewe, la kwake ni vidole viwili vinavyopita shavuni kama mkasi unakata uzi, kwasababu ana tabia ya kukata uzi kwa meno. Nilifanya mazoezi wiki nzima kwenye kioo mke wangu akadhani nina chunusi. Siku hiyo simtambulishi kwa mdomo kabisa, nafanya lile jina, nanyamaza, mkalimani ndo awaambie nyie wengine. Na makofi yake ni kuinua mikono juu na kuitikisa, nishawazoesha vijana wa ukumbi, ukiona watu mia mbili wamenyamaza kimya na mikono yote inatikisika juu mwili unasisimka.

Wa tano mfuga nyuki Msandawe wa Kwamtoro kule wilaya ya Chemba. Mizinga, asali, na jinsi ya kuusoma msitu kwa maua, hayo atasema mwenyewe, mi tatizo langu ni jina. Kisandawe kina ile milio ya ulimi kama kizibo cha chupa kinafunguka, na jina lake linaanza na mmoja wapo. Maisha yake yote shuleni, hospitali, ofisini, watu wanaliruka wanamuita kwa jina la ubatizo. Nimemuomba anirekodie, analitamka mara tatu taratibu, nasikiliza kwenye bodaboda, dereva ashaniuliza mara mbili kama namuita. Bado halijakaa. Nikishindwa siku yenyewe nitampa maiki alitamke yeye na ukumbi ujaribu, nimeshamuuliza, kasema sawa ila atacheka.

Mtauliza na mgeni rasmi je. Yupo, hapa huwezi kukosa, vibali tu vitakusumbua. Anakaa mstari wa pili, anatambuliwa mara moja na mimi peke yangu, nahakikisha anapata maji ya kunywa na ratiba iliyochapishwa vizuri, na hana hotuba. Akitaka kuuliza swali anainua mkono. Nimelisema hili kwenye kikao cha maandalizi na mwenyekiti wetu kaguna, kasema tutaliangalia, na mimi naijua hiyo "tutaliangalia" yake.

Tarehe ndo bado. Mzee wa zeze anataka baada ya mavuno, mfuga nyuki anasema itategemea asali, mtaalamu wa maji ana safari. Mama wa Mvumi kasema yeye tarehe yoyote atakuja, ila viti vya karibu na mgeni rasmi hataki, maana wale huwa wanaondoka katikati na watu wao, wanakupitia mbele wakati bado unaongea.