Jibu: Kubadilisha magurudumu ya piano kuukuu ya wima

Salaam mkuu. Umesema magurudumu mawili ya nyuma yameganda kwa kutu na skrubu zinazunguka tu bila kukaza.

Kabla ya kwenda Kariakoo, pima urefu kutoka sakafuni hadi chini ya mbao. Ukifunga magurudumu marefu zaidi, pedali zinapanda nazo. Nunua manne yanayolingana, kila moja libebe kilo 150 au zaidi. Piano hizi hufika kilo 200 hadi 300, na sakafu isiponyooka mzigo wote huangukia mawili.

Uzito uko nyuma, kwenye fremu ya chuma, kwa hiyo piano huangukia nyuma. Tafuta watu wanne. Inua upande mmoja tu, sentimita chache, na weka magogo chini mara moja. Jeki peke yake usiiamini. Miguu ya mbele usiishike, huvunjika.

Skrubu kuzunguka maana yake tundu limechoka. Kwanza choma mbao kwa bisibisi: ikizama, ni mchwa au unyevu, muite seremala. Ikiwa ngumu, ziba kwa kijiti cha mninga na gundi ya mbao, subiri saa 24, ndipo utoboe upya. Misumari hapana, tafadhali.