Maswali ya Wasomaji: Kuhuisha VirtualBox kwenye Linux

Swali kutoka Kirumba, Mwanza

Ndugu Mhariri, natunza hesabu za wafanyabiashara wa dagaa na kayabo hapa Mwaloni. Kompyuta yangu inatumia Linux ya Ubuntu 22.04, lakini programu ya hesabu wanayoitaka wateja wangu hufanya kazi kwenye Windows peke yake, kwa hiyo nimeiweka ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa na programu ya VirtualBox. Juzi nilikubali masasisho yote yaliyojitokeza, nikazima kompyuta na kuiwasha tena, na tangu hapo mashine pepe haiwaki. Naona maneno "Kernel driver not installed (rc=-1908)", pamoja na maelekezo ya kuendesha amri ya /sbin/vboxconfig. Nikiiandika, naambiwa amri hiyo haipo. Hesabu za mwezi mzima zimo humo. Je, zimepotea?

Jibu

Hazijapotea, ndugu yetu. Hesabu zako zimo ndani ya faili la diski linaloishia na .vdi, ambalo kwa kawaida hukaa kwenye folda iitwayo VirtualBox VMs katika saraka yako ya nyumbani, na masasisho hayakuligusa. Kilichokwama ni moduli iitwayo vboxdrv, ambayo huingia ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux yenyewe, na ambayo hujengwa kwa ajili ya toleo moja mahususi la kerneli. Masasisho yakileta kerneli mpya, moduli ya zamani haiwezi kuingia humo, hivyo ni lazima ijengwe nyingine. Kazi hiyo hufanywa kimyakimya na mfumo wa DKMS, na mara nyingi hufanikiwa bila mwenye kompyuta kujua kwamba kuna jambo lililofanyika.

Kwa kuwa wateja wanakusubiri, anza na njia ya haraka. Washa kompyuta upya, na ikifika kwenye orodha ya GRUB, yaani programu inayoiwasha Linux, chagua "Advanced options for Ubuntu", kisha uchague kerneli ya zamani ambayo bado imo kwenye orodha. Orodha isipojitokeza yenyewe, bonyeza Esc mara moja wakati kompyuta inaanza kuwaka. Mashine pepe yako itawaka kama ilivyokuwa, nawe utapata nafasi ya kumaliza hesabu na kutoa nakala ya lile faili la .vdi kwenye diski ya nje kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Nakala hiyo itolewe mashine pepe ikiwa imezimwa kabisa.

Ukishatulia, rudi kwenye kerneli mpya, fungua terminali na uandike amri hii:

sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r)

Sehemu ya mwisho ya amri huleta heda, yaani mafaili ya kerneli ambayo moduli huyahitaji ili ijengwe, na kukosekana kwake ndiyo sababu tunayokutana nayo mara nyingi zaidi. Ile amri ya vboxconfig haipo kwako kwa sababu huja na kifurushi cha VirtualBox kinachotolewa na Oracle, ilhali maelezo yako yanaonyesha kwamba wewe ulichukua kifurushi cha Ubuntu. Ujumbe wa kosa haubagui, unamwelekeza kila mtu kwenye amri hiyo hiyo, na wengi wamepoteza jioni nzima wakiitafuta. Mwenye kifurushi cha Ubuntu huandika hivi:

sudo dpkg-reconfigure virtualbox-dkms
sudo modprobe vboxdrv

Amri ya pili isipojibu neno lolote, imefanikiwa. Ujenzi ukishindikana, soma faili la make.log lililomo ndani ya /var/lib/dkms/virtualbox, na usome mistari ya mwisho kabla ya ile ya mwanzo. Kwenye Ubuntu 22.04 iliyopokea kerneli ya 6.5 au 6.8 inawezekana ukakuta mstari unaolalamika kwamba gcc-12, yaani programu inayotumika kujengea moduli, haipatikani, kwa kuwa kerneli hizo zilijengwa kwa gcc-12 ilhali mfumo wenyewe ulikuja na gcc-11. Dawa yake ni kusakinisha gcc-12 kwa apt, kisha kurudia zile amri mbili.

Kuna kikwazo kimoja zaidi, nacho ni Secure Boot, kinga inayokagua saini za programu kompyuta inapowaka. Modprobe ikikujibu "Key was rejected by service", moduli imejengwa vizuri lakini kompyuta inaikataa kwa sababu haina saini inayotambulika. Wakati wa kusakinisha, Ubuntu hukutaka uweke nenosiri la muda; unapowasha tena kompyuta, hutokea skrini ya buluu ambapo unapaswa kuchagua "Enroll MOK", yaani kusajili ufunguo wa saini hiyo, na kuingiza nenosiri lile lile. Skrini hiyo haisubiri muda mrefu. Aliyekwenda kuchemsha chai huikosa, kisha hudhani kompyuta imeharibika. Ukiikosa, andika sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, uweke nenosiri jipya la muda, uwashe tena, na safari hii ukae mbele ya kioo. Wapo wanaoshauri kuzima Secure Boot moja kwa moja, na kweli tatizo huondoka, ila kwa kompyuta inayobeba hesabu za watu sioni sababu ya kuondoa kinga ilhali kusajili ufunguo ni kazi ya dakika chache.

Swali kutoka Nansio, Ukerewe

Mimi bado natumia VirtualBox 6.1 na ningependa kuhamia toleo la 7, lakini bando ni ghali na nahofia kufuta la zamani kabla sijajua hatima ya mashine zangu. Isitoshe, mashine mojawapo huwa siizimi. Naihifadhi ilivyo kila jioni na kuiendeleza asubuhi.

Jibu

Hilo ulilolitaja mwishoni ndilo la kushughulikia kwanza. Mashine iliyohifadhiwa ikiwa katikati ya kazi hubeba kumbukumbu yake yote kwa mpangilio wa toleo lililoihifadhi, na hakuna uhakika kwamba toleo jipya litaweza kuisoma. Kabla ya kuhama, iendeleze kila mashine iliyohifadhiwa hivyo, kisha uizime kutoka ndani, kama unavyozima kompyuta halisi. Tahadhari hiyo inazihusu pia picha za hali ya mashine ulizozichukua wakati mashine inafanya kazi.

Kufuta programu ya VirtualBox hakufuti mashine pepe. Toleo jipya litazikuta mahali zilipo na kuziorodhesha. Hata hivyo, linaweza kuandika upya faili la mipangilio linaloishia na .vbox kwa muundo ambao toleo la 6.1 halitauelewa, kwa hiyo nakili folda nzima kwanza endapo utahitaji kurudi nyuma. Kuhusu kuhama kwenyewe, sioni kwamba ni jambo la hiari: 6.1 ilitoka Desemba 2019, muda wake wa kutunzwa na watengenezaji umekwisha, na kerneli mpya zinazidi kuiacha nyuma.

Ukichukua toleo la Oracle, fahamu kwamba kila tawi lina jina lake la kifurushi, kama vile virtualbox-7.0 na virtualbox-7.1, na kwa sababu hiyo amri ya kusasisha ya apt upgrade haitakuvusha kutoka tawi moja hadi jingine hata ukiiendesha kila siku. Ni lazima uliombe jipya kwa jina lake. Vifurushi vya Ubuntu na vya Oracle haviwezi kukaa pamoja, hivyo ondoa kimoja kabla ya kuweka kingine.

Kwa upande wa bando, faili la .deb lina ukubwa wa kama megabaiti 100 hivi. Ukipata safari ya Mwanza mjini, lipakue huko kwenye intaneti ya uhakika, ulinganishe alama yake ya sha256sum na ile iliyotangazwa kwenye ukurasa wa kupakulia, ulibebe kwenye flashi, na ukifika nyumbani ulisakinishe kwa sudo apt install ./ ikifuatiwa na jina la faili. Hakikisha gcc, make na heda za kerneli vimeshaingia kabla, la sivyo utalazimika kununua bando usiku ule ule. Diski ya Guest Additions, yaani programu saidizi zinazowekwa ndani ya mashine pepe, imo ndani ya kifurushi cha Oracle, kwa hiyo haihitaji kupakuliwa. Baada ya kuhama, washa kila mashine na uisakinishe upya humo ndani kupitia menyu ya Devices, ama sivyo kioo kinaweza kugoma kubadili ukubwa.

Extension Pack, yaani kifurushi cha nyongeza cha VirtualBox, ni habari nyingine. Zamani ilihitajika kwa vifaa vya USB 2.0 na 3.0, lakini tangu toleo la 7.0, lililotoka Oktoba 2022, uwezo huo umo ndani ya programu yenyewe. Leseni ya Extension Pack inaruhusu matumizi binafsi bila malipo, ila kwa shughuli za biashara inadai ununue kibali, kwa hiyo mwenye duka ambaye haihitaji ni afadhali asiiweke. Ukiiweka, toleo lake lilingane na la VirtualBox.

Swali kutoka Nyegezi

Nina Linux yenye kerneli mpya na VirtualBox ya karibuni, moduli imeingia bila kosa, lakini mashine inagoma na kuonyesha VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE.

Jibu

Kuanzia kerneli ya 6.12, KVM, ambayo ni mfumo wa mashine pepe wa Linux yenyewe, hushika uwezo wa prosesa mara tu moduli yake inapopakiwa, hata kama hakuna mashine yoyote ya KVM inayofanya kazi. VirtualBox ikija hukuta nafasi imechukuliwa. Kwa leo, andika sudo modprobe -r kvm_intel kisha uwashe mashine yako. Wenye prosesa za AMD waandike kvm_amd. Kwa suluhisho la kudumu, ongeza kvm.enable_virt_at_load=0 kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT katika faili la /etc/default/grub, uendeshe sudo update-grub, halafu uwashe kompyuta upya. Kufanya hivyo hakuifungi KVM: bado utaweza kuitumia siku VirtualBox ikiwa imezimwa, ila usijaribu kuziwasha zote mbili kwa wakati mmoja.