Uliza Fundi: Kaseti ya Ndugu Wawili wa Theluji

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na kaka yangu tulikua tukicheza Snow Bros kwa jirani yetu, wale vijana wawili wanaorusha theluji. Kaka sasa yuko Muscat na anarudi kwa Idi, nami nataka nimshtue. Nimeona mtandaoni kaseti yake halisi ya kijivu, muuzaji yuko Marekani, anataka dola mia mbili na ushee bila boksi. Mashine ninayo bado, ile ya Kichina ya zamani yenye pedi mbili. Ninunue? Na kwa nini ni ghali hivyo, wakati sisi tuliipata bure ndani ya kaseti ya gemu mia? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela usitume kwanza.

Hiyo mashine yako imeigwa kutoka Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo kule Japani, na tundu lake la kaseti ni la pini 60. Kaseti ya kijivu ya Marekani ilitengenezwa kwa NES, ndugu yake Famicom aliyeuzwa huko: ina pini 72, na ni pana na ndefu zaidi. Haitaingia hata ukiibembeleza. Kipo kiungio cha kugeuza 72 kuwa 60, hakina bei kubwa, na kwenye mashine za kuiga kinafanya kazi kwa sababu hazina ile chipu ya ulinzi iliyomo ndani ya NES, inayokataa kaseti zisizo halali. Basi ukishikilia kununua kaseti, agiza na kiungio.

Usishawishike kuagiza NES nzima kutoka huko kabla hujafikiria umeme. Adapta yake imetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka kwenye ukuta wetu wa 240 utasikia harufu kabla ya kuona picha. Iache, tafuta adapta ya hapa inayotoa volti 9 na ampea moja hivi. NES haijali chanya ya plagi iko wapi, maana ina daraja la dayodi ndani, linaloupanga umeme lenyewe. Famicom ya Kijapani inajali sana: hasi iko katikati ya plagi, na ukigeuza unaua mashine. Tena NES ya Marekani hutoa picha ya NTSC, mfumo wa televisheni wa huko. Televisheni bapa nyingi za siku hizi zinaipokea, lakini lile dude la mgongo mkubwa lililozoea PAL, mfumo wa huku kwetu, linaweza kukupa picha isiyo na rangi, au inayopanda bila kutulia.

Sasa bei. Toaplan, kampuni ya gemu ya Tokyo, waliitoa Snow Bros mwaka 1990 kama mashine ya kuchezea kwa sarafu. Ya nyumbani ikafuata 1991, na kule Marekani kampuni ya Capcom ndio walioiuza. Mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, Super NES, mrithi wa NES, ikaingia madukani huko, na watoto wakaanza kuwasumbua wazazi wao kwa hiyo mpya. Kaseti iliyochelewa hivyo haikupata wanunuzi wengi, na leo wakusanyaji wanagombania zilizobaki. Toaplan wenyewe walifilisika 1994. Sisi huku tulikuwa tukipewa nakala za wizi bila kujua kwamba kuna mtu anaiita adimu.

Pale penye bei kubwa ndipo wajanja wanapojaa, kwa hiyo mwombe muuzaji picha ya bodi, kaseti ikiwa imefunguliwa. Akisema haifunguki, si kweli: skurubu zake zinahitaji bisibisi maalumu ya milimita 3.8, na mtu wa biashara hiyo lazima anayo. Bodi halisi imeandikwa Nintendo, ina chipu nyeusi zenye miguu iliyolehemiwa vizuri, na mojawapo ni ya ulinzi, yenye namba kama 3193A au 6113. Ukiona matone meusi ya gundi badala ya chipu, au chipu yenye kidirisha cha kioo kilichofunikwa kwa stika, achana naye.

Kwa maoni yangu, mtu wa kukusanya anunue. Wewe unamtaka kaka yako akae kwenye mkeka mcheke hadi usiku, na kwa hilo dola mia mbili, nauli ya kifurushi na ushuru juu yake ni nyingi mno. Kuna Snow Bros. Special, iliyotoka 2022 kwa Nintendo Switch, mashine ya kisasa ya Nintendo, ya wachezaji wawili, halali kabisa. Picha wameing'arisha kupita kiasi, mimi sikuipenda sana, ila donge la theluji linateleza vilevile. Ukimpata wa kukuazima Switch, umemaliza.

Na kwa kuwa utacheza na mtu aliyekaa miaka bila kushika pedi, gawaneni kazi mapema. Mmoja apande juu, mwingine abaki chini. Wa juu amfunike adui kwa theluji mpaka awe donge kamili (akibaki nusu atajikung'uta na kurudi), kisha asilisukume ovyo. Asubiri maadui wengine wajipange kwenye ngazi za chini. Donge likiachiwa linashuka ngazi kwa ngazi, linagonga ukuta, linarudi, linazoa kila kilichoko njiani, na kama wa chini ameandaa la kwake, likigongwa nalo linaondoka. Mchezaji akizolewa na donge hafi, anabebwa tu, na hapo ndipo kaka yako atakapokulaumu.

Ugomvi mkubwa ni chupa za rangi mnazookota mkicheza. Nyekundu inaongeza mwendo: mwachie anayepanda. Ya buluu inaongeza theluji na ya njano inairusha mbali zaidi, hizo apewe wa chini. Ukifa unapoteza zote, kwa hiyo usimwibie aliyebakiza roho moja. Msikawie pia kwenye ghorofa moja, yaani hatua moja ya gemu. Mkichelewa anatokea kichwa cha boga, na huyo hauawi. Kila ghorofa ya kumi kuna bosi, adui mkubwa, mpaka ya hamsini.

SWALI: Fundi, mjomba aliniletea NES kutoka Marekani. Ukiwasha, taa nyekundu inawaka na kuzima bila kukoma. Napuliza kaseti, inakubali mara moja moja tu. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Acha kupuliza. Mate na unyevu vinakula shaba, na hapo Mombasa hewa ya chumvi inakusaidia kuharibu. Taa inamulika kwa sababu chipu ya ulinzi ndani ya mashine haisikilizani na mwenzake wa kwenye kaseti, basi inaiwasha upya mashine kila sekunde. Kosa mara nyingi ni pini 72 za ndani, ambazo hulegea kwa kule kuingiza kaseti na kuikandamiza chini. Safisha miguu ya kaseti kwa pamba na spiriti kali, iache ikauke. Isipokubali, badilisha soketi nzima ya pini, zinauzwa mpya. Fundi mwenye mkono mtulivu anaweza pia kukata mguu wa nne wa chipu ya ulinzi ndani ya mashine. Taa itaacha kumulika, lakini pini chafu zitaendelea kukupa picha mbovu, kwa hiyo anza na pamba.