MRA ya kichwa bila sindano, nilivyopitia mimi

Mkuu pole na mzee. Umeuliza kwa nini ameandikiwa MRA, yaani picha ya mishipa ya damu, wakati MRI ya kichwa alishapiga ikatoka safi, na kama lazima achomwe ile dawa ya kung'arisha picha. Mi nimeshalala kwenye ile mashine mara mbili, ngoja nikwambie.

MRI ya kawaida inaangalia zaidi nyama ya ubongo, MRA mashine ni ileile ila inapangwa ifuate damu. Yangu haikuwa na sindano kabisa. Radiografa alinielewesha hivi, mashine inapiga mawimbi harakaharaka sehemu moja ya kichwa mpaka nyama iliyotulia pale inachoka kutoa signali, sasa damu mpya ikipanda kutoka shingoni haijapigwa bado kwa hiyo ndo inawaka nyeupe, vingine vinabaki giza. Akanionyesha kwenye skrini, mishipa mitupu imejikunja kama mizizi, halafu chini ya ubongo inakutana inafanya duara.

Sasa hapa ndo usome vizuri. Picha hiyo ni ya damu inayotembea, siyo ya ukuta wa mshipa. Damu ikienda taratibu au ikizunguka kwenye kona, weupe unapotea na mshipa unaonekana umebana kuliko ulivyo. Ripoti yangu ya kwanza iliandika mshipa wa kulia umebana sana, wiki nzima sikulala nikijua kiharusi ndo hicho, daktari wa neva akaziangalia picha zenyewe akataka siti skani ya mishipa yenye dawa, kumbe uko wazi, ni kona tu. Kwa hiyo mkienda bebeni CD ya picha, siyo karatasi peke yake. Na kinyume chake kipo, kivimbe cha mshipa kilicho chini ya milimita 3 kinaweza kupita bila kuonekana. Kichwa kikimlipuka ghafla kwa maumivu ambayo hajawahi kuyapata, mkimbize hospitali saa hiyohiyo msisubiri tarehe ya MRA.

Dawa ikihitajika huwa ni gadoliniamu, kama figo zake zina shida semeni mapema. Kama ana klipu ya chuma aliyowekewa kichwani kwa upasuaji au betri ya moyo aseme kabla hajaingia chumbani, ile sumaku inavuta muda wote hata mashine ikiwa kimya.

Kelele ni kali ila atapewa vizibo vya masikio. Asicheze kichwa maana mishipa midogo inatoka na ukungu. Na afumbe macho kabla hawajamsukuma ndani, mi nilifumbua katikati nikakuta dari la mashine liko puani, moyo ukaenda mbio mpaka nikabonyeza kile kipira cha kuwaita wakanitoa, tukaanza upya.