Kabla Hujapitisha Ruzuku: Kwa Mjumbe Mpya wa Bodi

Kikao kilichonifundisha kazi hii ya kukaa kwenye bodi ya mfuko wa ruzuku kilifanyika mwezi Oktoba, mtaa wa Soweto hapa Mbeya, kwenye chumba chenye meza ndefu na viti saba. Tulikaa watatu. Mjumbe mmoja kipindi chake kilikuwa kimekwisha tangu mwaka uliotangulia na hakuna aliyejishughulisha kumtafutia mrithi. Mwingine alikuwa masomoni. Wawili walipiga simu asubuhi ile ile: mmoja yuko msibani Makete, mwingine gari limemharibikia Makambako. Mbele yetu kulikuwa na andiko la kuomba ruzuku la kikundi cha wakulima wa viazi mviringo wa Uporoto, waliotaka mbegu bora kabla mvua za Novemba hazijakolea. Andiko lilikuwa zuri, bajeti ilisomeka, na afisa wetu alishakwenda kuwaona. Hatukuweza kulipitisha, maana akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiwe halali, ilikuwa wanne.

Tuliahirisha hadi Januari. Januari mkulima wa viazi wa nyanda za juu hatafuti mbegu tena, anatafuta dawa ya ukungu. Kikundi kile kilikopa kwa mfanyabiashara, na deni kikalilipa kwa magunia ya lumbesa, yale yanayojazwa kupita kipimo, viazi vikiwa bado shambani. Mpaka leo nikipita njia ya Uporoto naumia.

Nimekaa pande zote mbili za meza. Nilikuwa katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ya kahawa Mbozi, nikiomba. Baadaye nikawa afisa miradi wa shirika la hapa lililoshirikiana na mfuko wa umma wa nje, nikipeleka maombi ya wengine. Sasa ni mjumbe wa bodi, nikipitisha au kukataa. Kila mwaka wanaingia wajumbe wapya, na karibu wote wanakuja na wazo moja, kwamba kazi ya bodi ni kuchagua miradi mizuri. Hiyo ni sehemu ndogo. Bodi inayoshika fedha za wananchi wa nchi moja kwa ajili ya wananchi wa nchi nyingine lazima kwanza ijisimamie yenyewe: viti vyake, akidi yake, mihutasari yake. Ikishindwa hapo, mradi mzuri unafia mezani kama viazi vya Uporoto.

Soma sheria au katiba iliyounda mfuko wako kabla ya kusoma andiko lolote. Huwa nawapa wageni mfano wa USADF, mfuko wa serikali ya Marekani kwa ajili ya maendeleo ya Afrika, kwa sababu sheria yake ni fupi na iko wazi. Bunge la Marekani liliuanzisha mwaka 1980, ukaanza kazi 1984. Bodi yake ina viti saba: vitano vya watu wasio watumishi wa serikali, viwili vya maofisa wa serikali wanaohusika na mambo ya Afrika. Rais anateua, Seneti inathibitisha. Wajumbe wasiozidi wanne ndio wanaoruhusiwa kutoka chama kimoja cha siasa. Kipindi ni miaka sita, na anayemaliza anaendelea kukaa mpaka mrithi wake apatikane. Hawalipwi mshahara, hurudishiwa gharama tu. Mtendaji mkuu anateuliwa na bodi.

Usivipite vipengele hivyo haraka, kila kimoja kimewekwa kuzuia jambo. Viti vitano vya watu wa nje ya serikali vinazuia mfuko kugeuka kuwa mkono wa ubalozi. Kikomo cha chama kimoja kinasaidia mfuko usibadilishe marafiki kila uchaguzi unapopita. Kukaa mpaka mrithi apatikane kunazuia lile lililotukuta Soweto. Mfuko mwenzake wa Amerika ya Kusini na Karibi, IAF, ulioanzishwa 1969, una viti tisa, sita vya watu wa nje ya serikali na vitatu vya serikali. Mliotoka kwenye ushirika hili mnalijua kwa sura nyingine: mkutano mkuu unachagua bodi, bodi inaajiri meneja, Mrajis wa vyama vya ushirika anasimamia, COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama hivyo, wanakagua. Mifupa ni ile ile.

Halafu yakaja ya 2025. Tarehe 19 Februari mwaka huo Rais wa Marekani alitoa amri ya kupunguza mifuko hii miwili mpaka kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria. Wajumbe wa bodi waliondolewa, akawekwa mtu mmoja akae kama bodi nzima. Mambo yakaenda mahakamani, na Aprili jaji wa Washington, katika kesi ya IAF, akatoa zuio akiona kuwa mtu yule hakuwekwa kihalali. Mabishano yote yalizunguka maswali ambayo sisi huyapitia kwa dakika mbili mwanzoni mwa kikao: nani ni mjumbe, aliteuliwa na nani, kikao kiliitishwa vipi, akidi ilitimia? Wakati huo huo, wakulima barani Afrika waliokuwa wamesaini mikataba na kununua mashine nusu walikuwa wanasubiri awamu ya pili. Kwa hiyo mwenyekiti akisoma mahudhurio, usichezee simu.

Nije kwenye fedha zenyewe. Sheria ya USADF iliweka kikomo cha dola 250,000 kwa mradi mmoja, na ikataka kipaumbele kiende kwenye miradi ambayo wananchi maskini wenyewe wameibuni, wanaitekeleza na wanaitathmini. Nakubaliana na udogo huo kwa moyo wote. Nimeona AMCOS ikipewa mtaji mkubwa kuliko hesabu zake zinavyoweza kubeba. Mhasibu ni kijana wa kidato cha nne mwenye daftari moja, na ghafla anatakiwa aandike hati za malipo, arejeshe masurufu, yaani atoe hesabu ya fedha alizotanguliziwa, ndani ya siku chache, adai risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, kwa fundi wa kijijini asiye na mashine hiyo. Akikosea, sisi wa bodi tunamwita mwizi. Mara nyingi si mwizi. Tulimpa gunia la lumbesa, mgongo wake ni wa debe.

Ukiletewa bajeti, usianze na jumla. Anza na awamu ya kwanza, uliza kama wakiishia hapo tu watakuwa wamebaki na kitu kinachofanya kazi. Mashine ya kumenyea kahawa isiyo na tenki la maji ni chuma. Kitalu cha parachichi bila uzio ni chakula cha mbuzi. Panga awamu ili kila moja ijitegemee, kwa sababu fedha za umma wa nchi nyingine zinaweza kukatika kwa jambo lisilomhusu mkulima hata kidogo.

Muda nao ni kosa letu la kila mwaka. Mche wa parachichi aina ya Hass uliobebeshwa, Rungwe au Njombe, unachukua kama miaka mitatu ndipo uanze kuzaa cha kupeleka sokoni. Mkataba wa ruzuku mara nyingi ni wa miaka miwili. Mwishoni mwa mwaka wa pili mfuko unataka kuona ongezeko la kipato, na mwenyekiti wa kikundi, kwa hofu, anaandika ongezeko ambalo halipo. Uongo ule tumeuandaa sisi kwa kupitisha kipimo kisicholingana na mti. Mkataba wa parachichi upime miche iliyoshika, uzio uliosimama na wanachama waliobaki. Kipato kiulizwe baadaye.

Pesa inaandikwa kwa dola na kutumika kwa shilingi. Mwaka 2024 dola moja ilivuka shilingi 2,600, kisha shilingi ikaimarika sana kabla mwaka haujaisha. Kikundi kilichopanga ghala kwa bei ya Septemba kilijikuta na pungufu ya mabati mwezi Desemba. Andikeni kwenye mkataba nani anabeba tofauti hiyo. Na kama mpokeaji ni NGO, mkumbusheni kwamba kanuni zilizotolewa 2018 zilitaka mikataba ya fedha zinazozidi shilingi milioni 20 ipelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10. Siku kumi zinapita upesi kama mhuri uko Mbeya na mwenye kusaini yuko Tunduma.

Sasa jambo gumu kuliko yote hapa kwetu, maslahi. Nyanda za juu tumeoana, tumesali pamoja, tumesoma pamoja. Ukisema mjumbe asiwe na ndugu kwenye kikundi chochote kinachoomba, bodi itabaki tupu. Mwaka wangu wa pili lilikuja ombi la AMCOS ambayo mjomba wa mke wangu alikuwa mjumbe wa bodi yake. Nilitangaza hivyo mwanzoni, nikanyamaza mjadala mzima, nikadhani nimetenda haki. Lakini nilibaki chumbani. Wenzangu waliniangalia kila walipotaka kusema neno kali, na neno kali halikusemwa. Ruzuku ilipita ikiwa na tatizo ambalo wawili kati yao walikuwa wameliona: mizani ya chama haikuwa imehakikiwa. Wanachama walipunjwa msimu mzima. Tangu hapo natoka nje, natembea hadi nitakapoitwa, na nahakikisha muhtasari umeandika saa niliyotoka na saa niliyorudi. Kunyamaza hakutoshi, mdogo wangu. Uso nao unapiga kura.

Ziara za vijijini utazipenda, na ndizo zitakazokudanganya. Ukitoa taarifa wiki mbili kabla, utakuta nyimbo, mahema na kuku wameshachinjwa, na gharama ya kuku ile imetoka kwenye mfuko wa kikundi. Sisi sasa tunabeba chakula chetu au tunalipia kwa mama ntilie, na tunakwenda wawili watatu kwa gari moja. Ukifika Iringa vijijini, wape wazee kamwene yao na ukae, usiharakie daftari. Salamu ikiisha, omba kuona vitu vitatu kwa mikono yako: mizani, leja na daftari la wanachama.

Daftari la wanachama linasema mengi. Mbozi kahawa inachumwa, inamenywa na kuanikwa kwa mikono ya wanawake kwa sehemu kubwa, lakini ukifungua daftari unakuta majina ya waume zao. Maana yake malipo yanaingia kwa jina la mume, na kura ya mkutano mkuu ni ya mume. Andiko litasema mradi utanufaisha wanawake mia mbili. Hesabu majina. Nikikuta kumi na tano, siandiki kwamba wanawake watanufaika. Nawauliza viongozi watabadili nini kwenye masharti ya chama ili mke naye awe mwanachama, na jibu lao linaingia kwenye mkataba kabla ya awamu ya kwanza.

Zungumza na mweka hazina bila mwenyekiti pembeni. Katika kijiji kimoja mweka hazina, mama wa makamo, alijibu maswali yangu yote, akafunga leja, akaniuliza: «Na nyie, anayewakagua ni nani?» Nilianza kumweleza habari za wakaguzi wa nje. Akasema hapana, anataka kujua kama taarifa ile inasomwa mbele ya watu. Ya kwetu haikuwa inasomwa popote. Ilikuwa inatumwa ng'ambo na nakala kufungiwa kabatini. Kikao kilichofuata niliomba muhtasari wa ukaguzi uandikwe Kiswahili, kurasa mbili, upelekwe kwa kila kikundi tunachokipa ruzuku. Ilichukua vikao vitatu kukubaliwa. Sasa unapelekwa.

Kukataa maombi pia ni kazi, na ifanywe mapema kwa barua yenye sababu. Kikundi kinachosubiri jibu hakikopi, hakipandi, hakiombi kwingine. Jibu la hapana mwezi Agosti linamwachia mkulima msimu wake.

Kabla ya kikao chako cha kwanza, omba katibu akupe katiba au sheria ya mfuko, orodha ya wajumbe yenye tarehe ya kuanza na kumaliza ya kila mmoja, mihutasari ya vikao vitatu vya mwisho, na hoja za mkaguzi ambazo hazijafungwa. Usikubali kukabidhiwa mlangoni siku ya kikao. Ukiona kipindi cha mjumbe kinaisha ndani ya miezi sita, liweke kwenye ajenda wewe mwenyewe. Na kalenda yako iwe na safu mbili. Ya kwanza ni ya watoa fedha: mwaka wa serikali ya Marekani unafungwa tarehe 30 Septemba, wetu Juni 30. Ya pili ni ya mashamba: kahawa inaanza kuiva Mei, mvua zinashuka Novemba. Mbegu za viazi zijadiliwe Julai, hata kama siku hiyo baridi ya Mbeya inawafanya wajumbe watake kubaki kwao.