Gauni limerudi na harufu ya ndafu: mteja wa mtandaoni ana haki gani, na wewe muuzaji je?

Dada uliyeuliza kama mteja wako wa Sakina, kule Arusha, aliyepokea gauni Jumatatu, anaweza Ijumaa kulirudisha kisa rangi haikumkaa, wakati wewe kwenye statasi umeandika BIDHAA IKIUZWA HAIRUDISHWI: kama hajalivaa, anaweza. Najua inauma. Mimi nilibisha kuliko wewe mpaka yaliponikuta.

Nauza nguo na viatu vya wanawake hapa Moshi, mwaka wa sita huu. Nilianza na mtumba wa soko la Memorial, siku hizi nafuata na spesho, yaani nguo mpya za dukani, Kariakoo. Fremu sina, duka langu ni simu, na wateja wengi wako Arusha. Mzigo naupandisha basi asubuhi, mchana mtu ameshaupokea stendi.

Sheria inayotuhusu ni ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Wengi tunadhani ni ya makampuni makubwa, kumbe ukiuza kwa WhatsApp nawe umo. Inampa mnunuzi siku 7 tangu apokee mzigo kufuta mauziano, ilimradi bidhaa hajaitumia wala kunufaika nayo. Mkikubaliana siku zaidi, sawa. Sababu yake inaeleweka: dukani Soko Kuu angelishika kitambaa na kulijaribu, kwako ameona picha tu, tena yenye filta. Sheria hiyohiyo inakutaka umpe jina lako, mahali ulipo, maelezo kamili ya bidhaa na bei yote kabla hajalipa. Na chati zenu zinakubalika kama ushahidi, kwa hiyo usizifute ukishakasirika.

Sasa kisa changu. Novemba moja, msimu wa kipaimara, mama mmoja alichukua gauni la kijani la 65,000. Kalipokea Alhamisi. Jumatano ananiambia limembana, analirudisha. Siku ya sita, yumo ndani ya muda. Nilipofungua mfuko, dada yangu, harufu ya moshi wa ndafu ikanipokea kabla sijaliona gauni! Kwapani marashi, kwenye pindo tone la mafuta. Limekula sherehe yote kisha linarudi nyumbani kupumzika.

Kisheria alishalitumia, haki ya kurudisha hana. Lakini ningethibitishaje? Sikuwa na picha ya gauni kabla ya kulifunga, sikuweka alama yoyote, wala sikumwambia masharti kabla hajatuma hela. Yeye akasema ndivyo lilivyofika. Akapeleka chati zetu kwenye grupu la kikoba chao, na mle nilikuwa na wateja kama saba. Nikamrudishia nusu kununua amani. Gauni nikalifua, likaenda kwa bei ya mtumba.

Tangu siku hiyo kila nguo inatoka na tagi kubwa ya karatasi ngumu niliyoishona kifuani, pale ambapo huwezi kuificha ukivaa. Inamwachia mtu ajaribu nyumbani, lakini kanisani haendi nayo. Tagi ikikatwa, hairudi. Naipiga picha mbele, nyuma na ndani ya mshono, namtumia mteja kabla sijafunga mfuko. Masharti namwandikia kwenye chati KABLA ya namba ya malipo: siku 7, tagi ipo, nauli ya kurudisha ni yake kama amebadili mawazo tu. Akijibu "sawa", ndipo natuma namba. Viatu nauza kwa sentimita za unyayo, si kwa namba, maana 39 ya mtumba na 39 ya spesho ni ndugu wasiofanana. Hili peke yake limepunguza marejesho kuliko ukali wote niliowahi kuwa nao.

Ila tusijidanganye, kuna marejesho ambayo kosa ni letu. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo. Umeandika ngozi halisi ikaja reksini, au mtumba una tundu ukaupiga picha upande ulio mzima, hapo usimhesabie siku wala usimdai nauli. Rudisha hela yote, na ya kutolea juu. Hela irudi kwenye namba ileile iliyolipa, usikubali "mtumie dada yangu kwenye hii nyingine". Na hairudi kabla mzigo haujafika mkononi mwako na kukaguliwa.

Kwa huyo wako wa Sakina: mwombe video fupi ya gauni lilivyo sasa, mbele, nyuma na kwapani. Kama ni safi, mpe kwanza nafasi ya kubadilisha rangi. Wangu wengi hukubali, na hela inabaki kwako. Akikataa, alipandishe basi kwa nauli yake na akutumie picha ya risiti ya mzigo. Ukilipokea usilifungulie stendi kwenye msukumano. Lipeleke nyumbani, mtu akushikie simu arekodi unavyofungua mfuko, kisha mrudishie chake siku hiyohiyo. Yale maandishi ya herufi kubwa kwenye statasi yatoe leo.