Ninawashukuru Waliokataa Kuuza

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Katika kazi unayoifanya, ni nani anayestahili shukrani zako ambaye hujawahi kumshukuru?" Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja jijini Dar es Salaam, na eneo langu ni Tabata, Segerea na Kinyerezi. Huenda wengi wangetarajia niwataje wanunuzi, kwa kuwa wao ndio wanaotoa fedha, au wenye nyumba wanaonikabidhi mali yao niitafutie mteja. Hao nawashukuru kila mara, nao wanajua. Ambao sijawahi kuwashukuru ni wale waliokataa kuuza: mke aliyekataa kuweka saini, ndugu aliyepiga simu kutoka mbali kuzuia mauzo, wazee waliosema hakuna kitakachouzwa mpaka familia nzima ikae.

Ili ieleweke kwa nini kwangu hili si jambo dogo, sina budi kueleza namna tunavyolipwa. Dalali hana mshahara. Akimpatia mpangaji nyumba, hulipwa kodi ya mwezi mmoja. Akiuza nyumba au kiwanja, hupata asilimia ya bei kwa kadiri alivyokubaliana na muuzaji. Biashara isipofungwa hapati kitu, hata kama amemzungusha mteja juani wiki nzima, amelipa bajaji kwa fedha yake na kumaliza vocha kwa kupiga simu. Wapo wenzetu wanaotoza fedha ya kuonyesha nyumba kabla mteja hajaona hata mlango. Mimi naona jambo hilo linaichafua kazi yetu, kwa sababu dalali anaanza kunufaika na safari za mteja na hana tena haraka ya kumpatia nyumba. Kwa hiyo mtu anayesimamisha mauzo siku ambayo mnunuzi amekwisha kuandaa fedha anagusa moja kwa moja chakula cha nyumbani kwangu.

Wa kwanza ninayemkumbuka ni mama mmoja wa Tabata. Mumewe, mzee mstaafu, aliniita niiuze nyumba yao ili warudi kijijini, na mnunuzi akapatikana upesi kwa sababu nyumba ilikuwa karibu na barabara na ilikuwa na hati. Siku ya kutia saini tulikutana sebuleni kwao: mzee, mnunuzi, mwanasheria, mjumbe na mimi. Mama alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango wa uani, akipeta mchele, na hakuna aliyekuwa amemwuliza neno. Mwanasheria aliposema kwamba saini ya mke inahitajika, mama aliweka ungo chini, akapangusa mikono kwa kanga, akauchukua mkataba na kuusoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa, huku sisi sote tumenyamaza. Kisha akaurudisha mezani bila saini. "Mwanangu," aliniambia mimi, wala hakumtazama mumewe, "sijakataa nyumba kuuzwa. Nakataa iuzwe wakati binti yangu analala chumba cha uani na wanawe, naye hajui kwamba mnunuzi yumo humu ndani."

Sheria ilikuwa upande wake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka hata mnunuzi aulize kama mwenzi wa muuzaji ameridhia. Mama yule hakutaja sheria yoyote. Alimtaja mtoto wake. Mnunuzi alikasirika, akaondoka na kununua kwingine. Watoto waliitwa, wengine wakatoka mikoani, na kikao kilikuwa kirefu na kigumu. Hatimaye nyumba iliuzwa kwa mtu mwingine, baada ya binti kutengewa fedha ya kununua kiwanja Chanika, na makubaliano hayo yakaandikwa na kusainiwa na ndugu wote. Hakuna aliyemrudia mnunuzi huyo wa pili kumdai chochote. Tangu siku ile, kabla sijampeleka mteja kwenye nyumba yoyote, humwuliza mwenye nyumba ni nani wanaoishi humo, hati ina jina la nani, na kama wote wanaohusika wana habari.

Jambo hili huwa zito zaidi kwenye nyumba za urithi. Mzee anafariki, hati inabaki kwa jina lake, na watoto wanaendelea kuishi humo miaka mingi bila kufungua mirathi, mpaka siku mmoja wao anapopata shida ya fedha na kumtafuta dalali. Utaratibu ni kwamba familia hukaa na kumpendekeza mtu, mahakama ikamteua kuwa msimamizi wa mirathi, na huyo ndiye mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba ya marehemu. Lakini muhtasari wa kikao unaweza kuandikwa na ndugu watatu hali warithi ni saba. Nimemwona mnunuzi aliyekwisha kupaka nyumba rangi na kuweka geti jipya akiletewa hati ya wito kwa sababu ya mrithi mmoja ambaye hakushirikishwa. Dalali katika mauzo kama hayo huitwa kutoa ushahidi, na kabla hajafika mahakamani jina lake huwa limekwisha kuharibika mtaani.

Ndiyo maana namshukuru pia kaka mmoja anayefanya kazi Muscat. Wadogo zake walinikabidhi nyumba ya marehemu baba yao huko Segerea, wakiwa na karatasi zote za mahakama. Alinipigia usiku, kwa namba aliyopewa na jirani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejiandaa kugombana. Nilimwomba anieleze. Kumbe yeye ndiye aliyetuma fedha ya kupimia kiwanja wakati wa urasimishaji wa makazi mtaani kwao, yaani kupima na kumilikisha viwanja vilivyojengwa bila mpango, na kwenye kikao cha familia hakuna aliyelitaja hilo. Asubuhi yake nilikwenda na simu yangu nikamwonyesha kwa video bikoni zote nne, yaani alama za mipaka ya kiwanja, moja baada ya nyingine. Ya tatu ilikuwa imefukiwa na mchanga wa jirani anayejenga, akasubiri mpaka nikaufukua na namba ikaonekana. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Dada, nakushukuru. Sasa niache nizungumze na wadogo zangu." Mauzo yalisimama hadi alipokuja likizo. Fedha aliyoitoa ilihesabiwa na kurudishwa kwake kwanza, kisha ndugu wakagawana kilichobaki wakiwa wamekaa meza moja.

Gharama ya kusubiri kote huku hulipwa na watu wa nyumbani kwangu, na hapa ndipo shukrani zangu zinapogeukia familia yangu mwenyewe. Mume wangu ni seremala, na miezi ambayo mauzo yangu yamesimama, ada za watoto na luku hutoka kwenye vitanda na makabati yake. Hajawahi kuniambia nimshinikize mteja. Mama mkwe wangu hukaa na watoto Jumapili, kwa kuwa Jumapili ndiyo siku wateja wenye ajira wanapopata nafasi ya kuzunguka, na watoto wangu wamezoea kumwona mama yao akitoka kanisani na kupanda bodaboda kwenda kazini. Dalali ambaye nyumbani kwake hakuna anayemvumilia atashawishika kuharakisha saini, na simlaumu sana, kwa maana njaa ya watoto haisubiri kikao cha ukoo.

Nina jambo jingine linalonifanya niwaheshimu waliokataa. Mama yangu alitulea katika chumba cha kupanga huko Manzese. Nyumba zilipouzwa, wapangaji ndio waliokuwa wa mwisho kujua: tulirudi kutoka shuleni tukakuta watu tusiowafahamu wanapima uani kwa futi kamba, na jioni mama akaanza kufunga vyombo. Kwa hiyo sehemu ya kazi yangu, ambayo hakuna anayenilipa, ni kumshauri mwenye nyumba awape wapangaji wake notisi mapema na awarudishie kodi ya miezi ambayo hawataikaa. Wengi hukubali wakielezwa kwa upole, hasa kwa kuwa hapa mjini mpangaji huwa ameshalipa miezi sita au mwaka mzima mbele.

Mmeuliza pia, kwa namna fulani, kwa nini shukrani hizi hazijatolewa. Katika kazi yetu watu huachana siku fedha inapolipwa. Mnunuzi anapewa funguo, muuzaji anahesabu, dalali anapewa chake, mikono inashikwa, na kila mmoja anafuata njia yake. Aliyekataa hayupo kwenye picha ya siku hiyo. Mara nyingi huwa ameketi pembeni, na ndugu zake bado wana kinyongo naye kwa kuwachelewesha. Nilipaswa kumfuata pale alipokuwa nimwambie kwamba amenilinda mimi, amemlinda mnunuzi, na amewalinda hao hao ndugu waliomkasirikia.

Mama wa Tabata sasa anaishi kijijini na mzee wake, na namba yake ninayo; nitampigia ili asilisikie neno hili kwenye gazeti kabla hajalisikia kwangu. Binti yake amejenga Chanika vyumba viwili na sebule. Amekuwa akinitumia wateja, na kila anayetoka kwake hufika kwangu akiwa amekwisha kuzungumza na ndugu zake.